Ukuta Utasogezwa Jumamosi

Rotterdam, Jumatatu

Mama,

Msimamizi wa jengo ameniambia asubuhi ya leo kwamba Jumamosi ukuta utasogezwa, na chumba cha Béa kitakuwa cha jirani. Nisamehe kwa kutanguliza habari hiyo kabla ya salamu. Goti linakuruhusu kufika misa? Mimi ni mzima wa mwili. Mdogo wangu Trésor akusomee polepole.

Unajua nyumba zetu hapa zimeundwa kwa vipande. Jiko na choo viliinuliwa na kreni vikiwa kamili; kuta ni mbao zinazoteleza kwenye reli. Aliyepata mtoto huongezewa chumba, aliyebaki peke yake hupunguziwa. Siku ya kwanza Béa alinicheka mimi kaka yake: "Yaya, hii haiko nyumba, iko kabati! Kesho batatukunja na mashati."

Béa alipofariki uliniuliza kwa simu, "Bantu ba kilio bataikala wapi, mwana?" Jirani yangu, mama wa Kimoroko, akakubali tufungue ukuta ulio kati yetu. Nikajaza fomu. Penye sababu nikaandika: kifo cha dada yangu. Tukatoa meza na makochi, nikatandika mikeka, nikaazima viti arobaini. Baada ya maziko nikakaa chini, nikangoja.

Walikuja watu wanne: jirani, binti yake, mume wa binti, na padri.

Sikuwa nimemwalika mtu. Kwetu Likasi nani hualikwa kilioni? Watu husikia, huja. Wiki iliyofuata wenzake Béa wa kazini, kule kwenye udobi, walinisimamisha njiani. Mmoja alilia. "Tulikuwa tumeshavaa," alisema. "Tulingoja utuite."

Na ile fomu ndiyo iliyomtoa Béa kwenye orodha ya wakazi. Nimeomba wangoje siku arobaini, maana ulisema nguo zisiguswe kabla ya kuondoa kilio. Msimamizi alinisikiliza hadi mwisho, akasema binti wa jirani anakaribia kujifungua. Simlaumu mtu. Kitanda bado hakijatandikwa. Béa alikiacha hivyo akienda hospitali.

Wasalimie wanakwaya wenzake Béa, na mama jirani anayeuza samaki wa ziwa Tshangalele. Shangazi Georgette umwombe aje kwako Ijumaa, kwa sababu kugawa nguo ni kazi yake, si yangu. Saa kumi na mbili jioni, saa za Likasi, nitapiga simu ya video nikiwa chumbani. Nitainua nguo moja moja, yeye aseme ni ya nani.

Mafundi wanafika kesho yake, saa tatu asubuhi.

Mwanao,
Dieudonné