Chupa Nilizozinenepesha

Chumba cha uani,
Nyumba ya fundi cherehani.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Kabla hujakaa sawasawa kitini, ujue unasoma mwandiko wa mtu ambaye saratani yenyewe ikimwona humpa shikamoo. Ndiyo, mimi, yule yule uliyekuwa ukimfuta kamasi kwa upindo wa kanga. Kwenye maabara yetu wamejaa watu waliosoma mpaka vipara vikawatoka, na hakuna hata mmoja anayezilisha seli zikashiba kama nizilishavyo mimi.

Haya, salamu sasa. Hujambo wewe? Kifua kimekuachia, au baridi ya huko bado inakusumbua? Shemeji hajambo? Na wapwa zangu, wameacha kutafuna penseli? Mimi ni mzima, mashavu yamejaa. Fundi cherehani amenipanulia suruali tena, na analalamika kwamba kitambaa cha kupanulia kimekwisha.

Barua yako nimeipata. Uliandika mengi, lakini swali lilikuwa moja: kwa nini mama yako, yaani Mama Mdogo wangu, alichelewa kuanza dawa mpya. Nitakujibu. Usinikimbize kama mwizi wa kuku. Kwanza nikueleze kazi yangu, maana wewe bado unadhani nafagia.

Kweli nafagia. Lakini pia naosha vyombo vya kioo, na Profesa alipoona mikono yangu haitetemeki akanifundisha kulisha seli. Ni seli za saratani ya matiti. Zinaishi kwenye chupa bapa ndani ya kabati la joto, zimetulia kama mayai chini ya kuku, na chakula chake ni maji ya rangi ya waridi. Zipo za aina mbili. Za kawaida ukizitia dawa ya hospitali zinakufa. Za pili ni sugu: dawa ikiingia zinaitoa nje, kama mlinzi wa ukumbini anavyomtoa mlevi. Profesa anatafuta kitu ndani ya majani fulani machungu kitakachomshika huyo mlinzi mikono, ili dawa ibaki ndani ifanye kazi yake. Wenzangu wamelisomea hilo miaka na miaka, wewe nimekupa bure.

Sasa, hizo sugu zina sharti lake. Chakula chake lazima kitiwe dawa kidogo kila mara, la sivyo zinasahau usugu wake, kama bondia aliyeacha mazoezi. Profesa aliniambia hivyo huku amenishika bega. Nikamjibu kwamba hilo hata aniamshe usingizini nitamtajia.

Akasafiri kwenda mkutanoni, akaunganisha na likizo. Msaidizi wake, mama mmoja mkali tunayemwita Bi Glavu, naye akaugua. Nikabaki mfalme wa kabati. Shida ni kwamba zile sugu, kwa kuishi na sumu kila siku, zilikuwa zimekonda na kutawanyika. Ukizitazama kwa hadubini unaona huruma. Na mimi nilitaka Profesa akirudi auone mkono wangu. Nikasema moyoni, hizi nazo zipumzike. Nikawa nazipa chakula kitupu, kisicho na dawa, wiki zote zile. Dada, zilinenepa. Zilijaa chupa mpaka pembeni. Profesa aliporudi akainama kwenye hadubini, akainuka, akasema hajawahi kuona mkono wa baraka kama huu. Nilitembea kifua mbele kutwa nzima.

Bi Glavu naye alipopona, wakazitia dawa pamoja na maji ya yale majani. Zikafa zote. Dawa peke yake hawakuijaribu tena, maana walishaipima mara nyingi huko nyuma na sugu hazikutikisika. Bi Glavu, ambaye hacheki hata akitekenywa, siku hiyo alicheka. Zikaagizwa soda. Mimi nikapigwa picha na chupa yangu.

Sasa swali lako. Juma lile lile daktari alimwambia Mama Mdogo kwamba uvimbe wa titi lake umeizoea dawa ya kwanza, aanze nyingine upesi. Ni dawa kali, nywele zinakwenda nayo. Basi hospitali ilikuwa na foleni, mvua nayo ikanyesha, na Mama Mdogo unamjua, kumtoa nyumbani ni sawa na kung'oa kisiki. Akachelewa. Jibu ndilo hilo.

Mbio zetu za sakafuni ziliishia ukingoni. Bi Glavu alitoa sugu nyingine kwenye friza, akazilea kwa sharti lake, akarudia jaribio. Hazikufa. Akachukua zile nono zangu, akazitia dawa peke yake bila majani. Zikafa. Akanigeukia pole pole.

"Ulikuwa unazilisha nini, mwanangu?"

"Chakula."

"Chenye dawa?"

Mimi, Dada, ambaye nyumbani mnaniita Redio kwa kutonyamaza, nilichukua chupa tupu nikaanza kuiosha. Profesa hakunifukuza. Alisema majani hayakufanya kitu, tuliziua seli zilizokwisha kulegea, kisha akanirudishia ufagio wangu. Hilo nalivumilia. Chupa huoshwa.

Mama Mdogo ameanza dawa mpya. Nywele zimekwisha, anasema sasa yeye na Profesa ni mapacha. Anakula kidogo, analala sana. Daktari anasema uvimbe umepanda mpaka kwapani wakati tukisubiri, na hawezi kuahidi kwamba dawa itauwahi. Kama una likizo, usiiweke mpaka mwisho wa mwaka. Njoo.

Msalimie sana Shemeji, mwambie bado namdai mechi ya karata. Wabusu wapwa zangu. Fundi cherehani na mkewe wanakusalimu, na mama yako anakuombea kila akiamka. Mungu akulinde, akufungulie njia ya kuja.

Nilitaka kutia jina hapa, mkono ukakataa. Dada, ile foleni haikuwepo. Mvua haikunyesha.

Siku ile ya soda nilifika nyumbani nikamkuta Mama Mdogo ameshajiandaa kwenda kuanza dawa, mkoba begani, viatu miguuni, mke wa fundi anamngoja mlangoni. Nikamsimulia yote, na picha nikamwonyesha. Yale majani yanaota ovyo nyuma ya jengo letu, nilikuwa nimejaza mfuko wa koti. Tangu siku hiyo nikawa namchumia, anachemsha, anakunywa, uso umekunjamana kwa uchungu. Mpaka leo kila mgeni akija anamwambia hakuna aliyemhangaikia kama mimi.

Aliniuliza mara moja tu. "Redio, umeyaona kwa macho yako?"

Nikamwambia, "Kwa macho yangu, Mama. Subiri kwanza, hiyo dawa kali ya nini."

Akavua viatu.

Ni mimi nikupendaye, hata usiponijibu,
Redio