Mtamba wa Mtakatifu Antoni

Kigango cha Mt. Antoni,
Nangwa, Hanang.
17 Juni, 2003.

Mpendwa mdogo wangu Bonaventura,

Tumsifu Yesu Kristu. Sijui kama huko machimboni kuna mtu wa kuitikia, kwa hiyo nimeitikia mwenyewe kwa niaba yako: milele amina. Shikamoo yako niliipata kwenye barua. Marahaba, ingawa imechelewa sana. Hali yako ikoje? Kile kifua ulichosema kinabana kwa ajili ya vumbi kimepata nafuu? Sisi huku tu wazima. Mama ni mzima, ng'ombe ni wazima, mahindi yamekauka vizuri na tumeanza kuvuna. Mimi pia sijambo na bado niko nyumbani, kwa hiyo ukiandika tena usiniulize habari za mchumba.

Barua yako ilifika mwezi wa Mei, tukiwa kwenye rozari za jumuiya. Juu ya bahasha uliandika Mkoa wa Arusha. Siku hizi sisi ni Manyara, bwana, na karani wa posta alinigombeza kana kwamba mimi ndiye niliyekosea. Nilimsomea Mama mpaka mwisho. Akaniambia nianze tena. Nilipofika pale unaposema kwamba uliondoka kwa aibu baada ya kupunguzwa kazi kule kwenye mashamba ya ngano, na kwamba hutarudi mpaka uwe na kitu mkononi, alinikatiza akauliza kama mwandiko ni wako kweli. Nikamwambia ni wako, hakuna mwingine anayeandika vibaya hivyo. Akajifunga kanga, akaenda kanisani.

Mimi nilidhani anakwenda kushukuru tu. Alirudi na uso umemshuka. Nikamuuliza kuna nini tena, mtoto si amepatikana? Akasema ndiyo, amepatikana, na sasa kuna nadhiri ya kutimiza.

Sikiliza sasa, maana jambo hili ni lako. Sikukuu ya Antoni, somo wa kigango chetu, mwaka juzi, watu walipokwisha kutoka kanisani, Mama alibaki peke yake mbele ya sanamu. Alimwambia Antoni kwamba yeye ndiye mtafutaji wa vilivyopotea, basi amtafute Bona, na akimpata atapewa yule ndama jike mwenye doa jeupe usoni. Alisema kwa sauti. Katekista Yoakimu alikuwa anakunja vitambaa vya altare, akasikia. Na Yoakimu unamjua, akishasikia kitu ni kama kimetangazwa redioni. Jumapili baada ya barua yako kufika alisimama kwenye matangazo akasema mtoto wa Mama Hilda ameonekana, Antoni amefanya kazi yake, na siku ya somo Mama atatimiza ahadi. Vigelegele vilipigwa. Mama alikaa tu akitazama miguu yake.

Ndama yule sasa ni mtamba mzuri, mnene. Lakini si wetu. Unajua mwenyewe, uliwachunga: wale ng'ombe ni wa Mzee Gidahuda wa kule chini upande wa Basotu, alimkabidhi marehemu Baba amtunzie. Maziwa yetu, samadi yetu, ndama wake. Baba alipofariki Gidahuda hakuja kuwachukua, aliwaacha kwa Mama kwa heshima ya urafiki wao. Sasa Mama amemwahidi mtakatifu mali ya rafiki, mbele ya kigango kizima. Mzee akikasirika akawachukua wote, tutakunywa chai ya rangi mpaka tufe, na Mama hatainua uso mbele ya watu.

Nilimpeleka kwa Padre Gervasi. Padre alicheka kidogo, akasema mtu hawezi kumtolea Mungu kitu cha jirani yake, nadhiri ya namna hiyo haimfungi, alete kuku au debe la mahindi na yatakuwa yamekwisha. Nilifurahi, nikaona tumepona. Njiani Mama akasimama.

“Padre amenisamehe vizuri,” akasema. “Lakini Antoni alishafanya kazi. Nisipotoa, Bona atapotea tena, na safari hiyo nitamwomba nani?”

Bona, nilibishana naye karibu wiki nzima. Nilimwambia mtakatifu si mtu wa kulipiza kisasi. Akanijibu kwamba mimi sijazaa, sijui. Iliniuma, lakini niliona hali chakula, nikakubali twende tukamweleze mzee mwenyewe. Basi tukapata lori linalokwenda kuchukua samaki Basotu, likatushusha barabarani, tukatembea mpaka kwa Gidahuda.

Mzee alitupokea vizuri. Aliuliza kwanza habari za ng'ombe mmoja mmoja, kisha majani, kisha maji, kisha sisi watu. Mama akamweleza yote bila kuficha. Mzee hakuonyesha hasira wala furaha. Akauliza huyo Antoni ni mtu wa wapi. Mama akasema ni wa nchi za mbali, alikufa zamani sana. Ana ng'ombe? Hana. Ana wake? Hana, alikuwa mtawa. Ana watoto? Hapo naona Mama alimwonea Antoni huruma kwa kuwa mtu asiye na kitu chochote, akasema kuna mtoto mmoja amempakata, ila si wake, ni wa Mungu mwenyewe.

Mzee akaweka fimbo chini. “Amekabidhiwa?”

Mama akasema ndiyo, amekabidhiwa. Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, akasema basi huyo anajua kazi ya kutunza cha mwenzake. Mimi nilitazama chini, maana Yoakimu angesikia mafundisho yale angezimia. Kisha mzee akasema atakuja mwenyewe siku hiyo amwone huyo mtu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Tukarudi na wasiwasi ule ule tuliokwenda nao.

Siku ya somo ilikuwa Ijumaa, kanisa lilijaa mpaka nje. Tuliandamana na sanamu kuzunguka mashamba, kwaya ikiimba, Mama yuko nyuma kabisa ameshika kamba ya mtamba kama mtu anayepelekwa kituoni. Gidahuda alitokea wakati wa mahubiri. Alisimama mlangoni na rubega yake na fimbo yake, hakuingia. Nilimwona, nikasema moyoni, leo tutanyang'anywa ng'ombe mbele ya Ekaristi.

Baada ya komunyo Yoakimu akamwita Mama aje atimize ahadi. Mama alisimama, na Bona, sikujua kama mama yetu ana sauti ile. Alisema, “Mtamba niliyemwahidi Antoni si wangu. Mwenyewe ni yule pale mlangoni.”

Kanisa zima liligeuka. Mzee akaingia taratibu mpaka kwenye sanamu. Alimtazama Antoni, akamtazama sana yule Mtoto, akaanza kuzungumza kwa Kidatoga, maneno mengi, kwa sauti ya mtu anayeongea na mgeni wake. Padre alimwacha. Alipomaliza akatugeukia akasema kwa Kiswahili chake kile cha kuchagua maneno:

“Mtu hai unaweza kumrudia mkazungumza upya. Huyu alishakufa. Mama huyu atamrudia wapi? Mtamba ni wake.”

Akatoka nje, sote tukamfuata, akachuma majani mabichi, akamwekea mtamba mgongoni kama wanavyobariki kwao, akampa Padre kamba mkononi. Vigelegele vya siku ile nadhani hata Katesh vilisikika. Mimi nililia bila aibu. Mama alikaa chini pale pale kwenye nyasi, akasema njaa inamuuma, akala sahani mbili za makande, yeye ambaye kwa wiki nzima alikuwa anaonja tu. Ng'ombe wengine wamebaki kwetu. Huyo mtamba sasa amefungwa nyuma ya kanisa, na jana amekula maua yote ya kwenye groto ya Bikira Maria. Yoakimu haongei na mtu.

Sasa nikwambie lililonishangaza kuliko yote. Jumamosi tulikuwa tunapukuchua mahindi, nikamuuliza Mama ilikuwaje siku ile ya kwanza akasahau kwamba ndama si wake, wakati mbuzi wake mwenyewe yupo na kuku wapo. Aliendelea kupukuchua. Kisha akasema hakusahau. Alijua tangu anafungua mdomo.

“Ningemwahidi kuku,” akasema, “Antoni angenitafutia mwanangu kwa bidii ya kuku. Nilitafuta kitu ambacho nikikitoa nitaumia, na vyangu vyote nilivyohesabu havikunitosha kuumia.”

Hajamwambia Padre. Ameniambia mimi, na hakunikataza kukuandikia.

Konsolata wa jirani anakusalimu. Padre Gervasi anakusalimu na kukuuliza kama unakwenda misa. Yoakimu angekusalimu angekuwa anaongea. Mama anakusalimu sana, anasema uvae kitu kizito asubuhi kwa ajili ya kifua chako.

Na Gidahuda anakusalimu. Kabla ya kuondoka aliniita pembeni akauliza unarudi lini. Nikamwambia ulivyoandika, kwamba unaona aibu kuja mikono mitupu. Akanitazama kana kwamba nimesema upuuzi. “Asiniletee kitu,” akasema. “Nimetoa mtamba, na sijaona nilichopata. Aje nimwone.” Anataka ukitoka huko upite kwake kwanza kabla ya kufika nyumbani. Nilidhani Mama atakataa, maana ni yeye aliyekungoja miaka yote hii. Amesema ni haki ya mzee, atakuwa wa pili.

Ni mimi dada yako,
Hilda