Maneno Tuliyowabebea Wengine

New York, 3 Oktoba 1916

Kwa mzazi wangu Bwana Abdulghafur, Wiyoni, Amu.

Nashika miguu yako, baba. Kifua chako kinaendeleaje? Na ndugu yangu Athman, bado yuko Siyu kwa wakweze anashona viatu vya makubadhi, au umefaulu kumrudisha Amu? Mimi ni mzima, ila ule mguu uliovunjika melini umeunga kombo, na kazi ya kutia makaa tanurini sitaiweza tena. Meli iliniacha hospitali ikaenda zake. Ni mwaka na miezi minne sasa, na katika mji huu wote sijamsikia mtu mmoja akiniambia "hujambo".

Usihuzunike, nimepata kazi. Huku raia humchagua mkuu wa nchi kila miaka minne. Yuko anayetawala, anataka arudishwe; na yuko mwingine, anataka kumng'oa. Mimi nimeajiriwa na ofisi ya mtaani ya wale wanaomtaka aliyepo. Navishwa mbao mbili, moja kifuani na moja mgongoni, nikazunguka barabarani toka asubuhi hadi alasiri. Mbao zinasema kwamba bwana huyu hatawaingiza watu wake katika vita vya Ulaya. Watu hunicheka nikichechemea, lakini wanawake husimama wakasoma, na wengine hunishika mkono kana kwamba mimi ndiye niliyevizuia vita.

Nimepanga chumba kwa mjane wa Kiairishi, Bi Nora, mfua nguo. Ana mwana mmoja tu, Danieli, wa miaka ishirini na mmoja. Ndiye aliyenifundisha kusoma Kiingereza, na ndiye rafiki yangu wa pekee huku. Danieli alitaka kujiunga na askari wa akiba wa jimbo: mazoezi jioni moja kwa juma, koti na viatu vya bure. Mamake alikataa katakata. Juzi tukiwa mezani akanigeukia: "Ridhwani, wewe unashinda na watu wa siasa. Niambie kweli, vita vitakuja?"

Nikamwambia, "Havitakuja, Bi Nora. Wameahidi. Mwache kijana apate koti."

Alinitazama sana, kisha akasema, "Haya, kwa neno lako." Jana Danieli alitia sahihi.

Baba, huku mtawala huwaahidi watu, na watu wakamshika kwa ahadi yake. Nimeona fahari kuibeba ahadi hiyo mwilini mwangu. Nisalimie Athman na mkewe Tima.

Mwanao,
Ridhwani


Amu, Mfunguo Tano 26, 1335 (22 Disemba 1916)

Kwa mwanangu Ridhwani, Mola akuhifadhi ugenini.

Barua yako imenifika imefunguliwa na kugandishwa upya. Siku hizi hata salamu zetu hupekuliwa. Nashukuru u hai. Kifua changu kinakohoa asubuhi tu. Athman hataki kurudi, asema ngozi nzuri iko Siyu na mke wake yuko Siyu, basi Amu arudie nini? Nyumba hii nakaa peke yangu tangu mamako, Mola amrehemu, kutuondokea. Nikipika wali hunibakia.

Nti hiyo uliyoko sisi twaijua kwa nguo yake tu, hii marekani tunayovaa na kuzikiwa. Nimefurahi kusikia kwamba raia wake huulizwa. Lakini nina neno, nawe usinikasirikie.

Wasema mbao zako "zinasema hatawaingiza watu vitani". Hayo ni maneno ya ubao, au ni tafsiri yako? Nilikuwa mkalimani wa serikali miaka kumi na minane, na najua watu wa siasa huweza kusema hili, wakakuachia wewe mwenyewe usikie lile. Niandikie neno kwa neno. Je, imeandikwa "li" au "ta"? Mtu akikwambia "sikuiba", hajakwambia "sitaiba".

Nakuuliza kwa sababu. Ulipokuwa na miaka saba nilitumwa bara, mji siutaji, nikawaambie watu wafungue lango lao. Mzungu niliyefuatana naye alisema kwa lugha yake, "Sina nia ya kumgusa mtu." Mimi nikasimama mbele ya watu wale nikasema, "Hapana atakayeguswa." Niliyanyosha mimi maneno yake yakawa ahadi, kwa kuwa nilikuwa na njaa, nimechoka, nataka yaishe nirudi kwenu. Lango lilifunguliwa. Siku ya tatu nyumba zilitiwa moto.

Mzungu yule alihamishwa, na jina lake hapana anayelikumbuka. Langu lakumbukwa. Wengi waliokimbia walihamia Siyu, na hadi leo nikipita ndia ile nikatoa salamu, wako wazee ambao huangalia kando.

Soma ubao wako, mwanangu. Kisha kamsomee na yule mama.

Babako,
Abdulghafur


New York, 19 Aprili 1917

Kwa babangu mpenzi.

Salamu nyingi, na ninakuombea afya kuliko yangu. Mimi mwili ni mzima.

Barua yako ilifika mwezi uliopita. Siku ile ile nilikwenda kwenye ofisi yangu ya zamani. Imefungwa tangu uchaguzi uishe, na mbao zimetupwa uani zimeelekea ukutani. Nilizigeuza nikasoma. Ni "li", baba. "Alituepusha na vita." Basi. "Ta" haipo popote. Na siwezi kusema Kiingereza kilinishinda. Niliyajua maneno yale tangu siku ya kwanza. Nilimsomea Bi Nora ninayoyataka, kwa kuwa alikuwa ananisikiliza, na hapa hakuna mtu anayenisikiliza. Wala sikuthubutu kumsomea upya kama ulivyoniagiza.

Bwana yule alishinda. Usiku wa kwanza magazeti yalimpa ushindi mpinzani wake, kisha kura za majimbo ya mbali magharibi zikaja zikageuza mambo. Bi Nora alioka mkate wa zabibu, tukala watatu tukicheka. Mwezi wa pili balozi wa Wajerumani akaambiwa afunge mizigo. Bi Nora akaniuliza, balozi akirudishwa kwao maana yake nini? Nikajua, na bado nikasema, "Ni adabu za wakubwa tu, wakinuniana." Wiki mbili zilizopita mkuu yule yule alikwenda mbele ya baraza lao la kutunga sheria akaomba vita, akapewa.

Danieli alikuwa wa kwanza kuitwa, kwa ajili ya ile sahihi. Sasa yuko kambini.

Siku ya tangazo Bi Nora alikuwa anakunja mashuka ya watu. Hakuinua uso. "Ulijua, siku ile ya koti?"

"Sikujua," nikasema.

"Basi kwa nini ulisema kama mtu anayejua?"

Nilikwenda kumtafuta karani wa ofisi, yule aliyekuwa akinifunga mbao mgongoni. Nikamwambia tumewadanganya watu. Akacheka kwa huruma, akaniwekea mkono begani: "Hatukudanganya, Ridhwani. Kasome ubao."

Bi Nora hakunifukuza. Angenifukuza ningepata nafuu. Ananiandalia sahani yangu mezani, kisha anachukua yake, anakwenda kula jikoni amesimama.

Mwanao,
Ridhwani


Amu, Mfunguo Pili 21, 1335 (9 Septemba 1917)

Kwa mwanangu Ridhwani, baada ya kukutakia heri na uzima.

Barua yako imenikuta nimekwisha kutenda jambo ambalo nilitamani kukuuliza kwanza. Bahari haikutupa nafasi.

Vita vya Wazungu vimekula wapagazi wote wa bara, sasa vimegeukia visiwani. Mwezi wa Rajabu alikuja bwana mmoja wa Kizungu, mgeni, akanitoa nyumbani kwangu ijapokuwa nimekwisha kustaafu, kwa kuwa aliambiwa hapana anayegeuza maneno kama mimi. Akanieleza la kuwaambia watu wa Siyu: miezi sita tu ya kubeba mizigo ya jeshi, chakula tele, mbali na risasi, na kila mtu atarudi kwake.

Nikamwuliza, "Bwana, wajua watarudi?"

"Wewe tafsiri," akasema. Kisha akaongeza kwa upole, kama mtu ampaye mgeni kahawa, kwamba ameambiwa nina mwana kule, na jina lake halitaandikwa.

Ridhwani, usidhani nilikuwa shujaa. Toka Amu hadi Siyu nilikaa chomboni nikihesabu: watu arubaini waliotakiwa, na Athman wangu mmoja. Mara mbili nilimaliza hesabu upande wa Athman.

Watu walikusanywa uwanjani mbele ya msikiti. Bwana akasema, nami nikageuza yote sawasawa, sikupunguza wala kuzidisha. Mbele yangu walikuwa wale wazee, wameangalia kando kama kawaida yao. Ndipo nikasikia sauti yangu ikisema, "Hayo ni ya bwana. Yangu ni haya: mimi sijui kama mtarudi, na yeye hajui."

Mzee mmoja, Bwana Amini, akanigeuzia uso. "Leo," akasema, "umesema wewe."

Asubuhi yake nusu ya vijana walikuwa wamekwisha kuingia mikokoni, hawakuonekana. Bwana yule hakujua Kiamu, lakini alijua kuhesabu. Akaitaka orodha, na juu kabisa akaandika Athman kwa mkono wake.

Athman alikuwa na nafasi ya kukimbia. Nilimwendea mlangoni nikamwambia, "Nenda nawe." Akasema, "Nikienda watasema ulinionya mimi kwanza. Maneno yako yote yatakuwa bure." Wakampanga mstarini. Aliniaga vyema, akanibusu mkono, lakini usoni hakunitazama.

Tangu hapo hatuna habari yake. Tima ana mimba ya miezi minne, hasemi nami. Nikienda Siyu kumpelekea chochote, hukipokea mamake mlangoni.

Wazee sasa huitikia salamu yangu, tena kwa sauti. Sikujua kwamba kuitikiwa kunaweza kuumiza hivi.

Babako,
Abdulghafur


New York, 12 Novemba 1917

Kwa babangu, ambaye namfikiria kila nikiamka.

Nakuamkia na kukuombea subira. Barua yako niliisoma mara tatu ngazini, sikuweza kuingia ndani. Umemwona Athman akienda, nami sikuwapo hata kukushika mkono.

Danieli alivushwa bahari mwezi uliopita. Ameandika neno fupi tu, kwamba mvua ni nyingi na viatu vinabana.

Juma lililopita wanaume wa jimbo hili walipiga kura kwamba wanawake nao wapewe kura. Majirani waliimba barabarani. Bi Nora alisimama dirishani, akaniambia, na ni mara ya kwanza kunisemesha kwa hiari yake tangu Aprili: "Sasa nitaulizwa na mimi. Wamengoja wamchukue kwanza."

Jioni nilimsomea barua yako, nikiigeuza neno kwa neno, hata pale uliposema ulihesabu. Akalia kwa ajili ya Athman, mtu asiyemjua. Kisha akaniuliza, "Na wangu, atarudi?"

Baba, neno jema lilikuwa mdomoni, tamu, limekwisha kuiva. Nikalimeza. Nikasema, "Sijui, Bi Nora."

Bi Nora akaenda jikoni, akaleta sahani yake, akavuta kiti, akala pamoja nami.

Nilitaka ulijue hili, kwamba yale uliyoyasema Siyu yamefika mpaka huku.

Niandikie upesi ukipata habari za Athman.

Mwanao,
Ridhwani


Amu, Mfunguo Saba 22, 1336 (4 Februari 1918)

Kwa mwanangu Ridhwani.

Salamu na dua. Barua yako ilifika juzi, nami nilikuwa natoka Siyu.

Wamerudishwa wawili, wagonjwa. Mmoja ni Twahir, jirani yake Athman. Nilikutana naye hapa Amu, mifupa mitupu imevikwa kanzu, akanishika kando. Athman alifariki katika Mfunguo Nne, yapata miezi mitatu sasa, kwa maradhi ya tumbo, ng'ambo ya mto mmoja wa nti ya Mjerumani. Twahir alimzika kwa mikono yake na akamwombea. Hakufa kwa risasi. Katika hilo bwana yule alisema kweli.

Nilimwomba Twahir anyamaze, nikaondoka mara hiyo kwenda kumwambia Tima. Ndia nzima nilijitengenezea maneno. Nilifika nikamkuta mkunga, Bi Rahima. Akanizuia uani: Tima mwezi wake ni huu, miguu imevimba, amekwisha kuanguka mara mbili. Akaniambia, "Kama una zito, lishike kwanza."

Tima akaisikia sauti yangu. Miezi minane hakunisemesha, na siku hiyo akaja mwenyewe, ameshika ukuta, tumbo mbele. Akasema, "Baba, watu wote hunifariji, nami siwaamini. Wewe hukuwadanganya watu hata kwa ajili ya mwanao. Wewe nitakuamini. Athman atarudi?"

Nikasema, "Atarudi."

Akanishika mkono akaubusu. Akaenda akalala, na Bi Rahima asema ndio usingizi wake wa kwanza kwa siku nyingi.

Najua sheria. Eda yake itakwisha siku atakapojifungua, wala hatajua kama alikuwa na eda. Nimekusudia kumwambia zitakapotimia siku arubaini za uzazi, na siku hiyo sitaraji atanisamehe. Wewe ulilimeza neno lako tamu, mimi nimelitoa langu, na kila mmoja wetu alikuwa na mtu mbele yake. Sijui ni nani kati yetu aliyekosa. Nakuuliza kweli, maana hapa sina wa kumwuliza.

Matanga sikuweka. Nimemswalia peke yangu chumbani, mlango nimeufunga, wapita ndia wakisema wao kwa wao na kucheka barazani.

Usiniandikie rambirambi. Tima ameomba barua zako awe akisomewa, na kakake ndiye atakayemsomea. Uandike habari za mjini, za Bi Nora na mvua. Mwisho wa barua msalimie ndugu yako kwa jina, umwambie akirudi akushonee makubadhi.

Babako,
Abdulghafur