Cheti cha Mke Mwenzangu

Hamisi mjukuu wangu, mume wangu wa utani,

Hapa Nyamugari tuko wazima. Mkeo Zena, mke mwenzangu, kaniletea chai sasa hivi. Unauliza cheti chenu cha ndoa kiko wapi, ili umwombee viza aje akae nawe Ubelgiji.

Babu yako alipopata kazi Muyinga, bila cheti nisingeruhusiwa kuishi naye kwenye nyumba za wafanyakazi. Chetu kikapotea. Siku moja nikakikuta ndani ya pipa la mchele la mama mkwe. Nilimcheka sana: mtu mzima na wivu kama msichana!

Chenu kiko chini ya godoro langu. Kesho nakituma. Ila Zena akifika, usimwambie chai yake inaishinda yangu. Nimeinywa. Inaishinda.

Bibi yako, Mwajuma