Gauni la Mama Yako Kwenye Maonyesho

Nyumbani,
Mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumatatu, 14 Juni.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Hujambo, mwanangu? Baridi ya huko inakufanyaje? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kusingizia vumbi? Vaa soksi, kunywa vitu vya moto, na usinijibu kwamba wewe ni mtu mzima. Sisi huku miili ni mizima. Goti langu linanisumbua kwenye ngazi, lakini ulimi haujawahi kuumwa hata siku moja, kama utakavyoona.

Uliuliza kama mama yako amelivaa lile gauni la bluu ulilomtumia. Amelivaa. Kaa chini kwanza.

Dada yako alikuwa na maonyesho. Siku hizi hashoni nguo, anabuni mavazi rafiki kwa mazingira, na ukimwita fundi cherehani ananuna mpaka jioni. Walikodi ghala la zamani la nafaka, wakapaka kuta chokaa, wakatundika picha upande huu na nguo upande ule. Nguo zote sharti zitokane na vitu vilivyotupwa. Ndiyo kanuni ya shindano, imebandikwa mlangoni. Nikaona sketi ya miavuli mibovu, mkoba wa mipira ya baiskeli, na koti la magunia ambalo msichana aliyelivaa alikuwa anajikuna kila akidhani hatumtazami. Mchoraji mmoja alichora ndoo. Ndoo tu! Watu wamesimama mbele yake wameshika videvu. Nami nina ndoo nyumbani, mbona hakuna aliyewahi kuja kusimama mbele yake?

Mama yako alikwenda kwa sababu aliambiwa ni mgeni wa heshima. Wifi yangu huyo unamjua, alianza kujiandaa tangu alfajiri. Akasukwa nywele, akajipaka mafuta mpaka viwiko, akalivaa gauni lako kwa mara ya kwanza. Lilimkaa! Sikumwambia, maana ukimsifu atakusimulia mwezi mzima, lakini lilimkaa.

Dada yako akampandisha kwenye jukwaa dogo, akamkalisha kitini, akaenda zake. Mama yako akakaa wima, mkoba mapajani, akawa anawapokea watu: "Karibuni, asanteni kwa kuja." Nao wakachekelea. Mmoja akasema, "Kumbe anaongea!"

Nikazunguka mbele. Chini ya miguu yake, mahali asipoweza kupaona, palibandikwa kibao: KABLA. Jukwaa la pembeni alisimama msichana mwembamba, amevaa kitu cha mabega wazi kilichoshonwa kutokana na matambara: BAADA. Na chini ya vyote viwili: RUHUSA KUGUSA.

Wakamgusa, mwanangu. Mama mmoja mwenye miwani mikubwa alimpindua ukosi atazame mshono. Mwingine akainua pindo. Mama yako akadhani wamelipenda gauni, akawa anawaambia kanunuliwa na mwanawe wa mwisho, yuko mbali. Nisamehe nikikuumiza, lakini mtindo uliouchagua una uzee kidogo, vile vifungo vinavyopanda hadi shingoni. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka kwamba ni jipya.

Nikamvuta dada yako nyuma ya pazia, nikamwuliza kama ana akili timamu. Kumbe alikuwa amempa mama tambara la kuvaa, mama akalikataa katakata, akasema hawezi kuwaaibisha wanawe mbele za watu. "Sasa ningefanyaje, Shangazi? Waamuzi walikuwa mlangoni. Hebu mtazame, kwani ameumia wapi?" Nikachungulia. Mama yako alikuwa anacheka na watu. Nikaona nisimharibie siku.

Dada yako akashinda. Zawadi ya kwanza, makofi, maua. Akamshukuru fundi umeme, akamshukuru seremala wa jukwaa, akamshukuru hata aliyeleta maji ya kunywa. Mama yake hakumtaja.

Tulipokuwa tunatoka, mlinzi akatuzuia mlangoni. "Samahani mama, hicho ni kielelezo, hakitoki." Mama yako akacheka, akamwambia gauni ni lake. Mlinzi hakuwa na ubaya, maskini. Alimgeuza taratibu, akachomoa kijikaratasi chenye namba kilichobanwa kwa pini mgongoni, akamwonyesha. Mama yako alikuwa amekaa nacho muda wote ule. Hapo ndipo furaha ilipomtoka usoni. Akasema, "Niitieni binti yangu."

Binti akaja, na mwamuzi mkuu yuko pembeni yake. Mlinzi akauliza: gauni hili ni la mama, au la maonyesho? Akisema la mama, zawadi imekwenda, maana ni jipya la dukani, halikuokotwa popote. Alimtazama mama yake. Nilimwona kwa macho yangu akimtazama. Kisha akasema, "La maonyesho."

Nikafungua mdomo nimwage kila kitu. Mama yako akanifinya mkono kwa kucha, alama ninayo. Akamwambia mlinzi, "Nionyeshe pa kuvulia." Tukaingia stoo ya mafagio. Vifungo nikamfungulia mimi. Alirudi nyumbani amevaa ovaroli ya mfagizi. Nilimlaani dada yako kimoyomoyo mpaka tukafika, na sijutii.

Kesho yake akaja, gauni limepigwa pasi, liko kwenye hanga, macho yake yamevimba kwa kulia. Nilikuwepo. Mama yako hakufoka. Alimkaribisha, akamwandalia chai, akamwuliza habari za kazi. Gauni akalisukuma upande wa pili wa meza. "Lirudishe kwa wenyewe, mwanangu. Watu watasema nimeiba."

Dada yako alipiga magoti, akalia, akaapa. Mama yako akamwambia chai inapoa.

Mimi nimeagizwa nikwambie limembana kidogo mabegani. Haya, nimekwambia. Akikupigia simu, mwitikie hivyo hivyo, useme utamtafutia pana zaidi. Kisha usitume. Amelivua moja ndani ya stoo ya mafagio, la pili sijui atalivaa kwa moyo gani.

Nisalimie mkeo na wajukuu zangu, hasa yule mtundu mwenye pengo. Mama yako anakusalimu sana. Dada yako naye ameomba nimtilie salamu zake humu. Nimezitia, uzipokee ukitaka. Mola akulinde huko uliko, akupe watoto wenye huruma, na akupe umri wa kulihakikisha hilo.

Akupendaye hata anapofoka,

Shangazi yako