Robe ya pazia

Baraka, siku ya Mungu, 1956

Hapana, sirudi kushona kule misioni. Fundi mukubwa alisema nitarudi nikilia. Tangu nifungue kazi yangu mwenyewe hapa barazani, hakuna mutu ameleta hata shati ya kupasuka. Naogopa, ndiyo. Lakini sirudi.

Leo bibi yangu alivaa kanisani robe, gauni yenye nilimushonea mu pazia ya dirisha yetu. Bamama bakamuzunguka inje: "Nani alikushonea?"

"Bwana yangu. Lakini yeye iko na kazi mingi, sijui kama atabapokea."

Nikakasirika. Kazi mingi gani? Njiani nikamuuliza sababu gani anafukuza batu. Akacheka tu.

Mangaribi bamama batatu bakafika na bitambaa, banabishana nani wa kwanza.

Nikakunja mikono. "Mukuje kesho. Leo niko na kazi mingi."