Uyoga Usio na Mzizi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Wikiuyoga iko hewani! Elimu yote ya uyoga wa Afrika Mashariki, kwa Kiswahili, na kila mtu anaruhusiwa kuandika. Okinyi, fundi wetu wa kompyuta, ameiweka kwenye seva akiwa kwake Luzira. Mimi ndiye msimamizi: napitisha, natengua, nafungia watu. Kwa nini mimi? Kwa sababu Dkt. Obura, mwenyekiti wa chama chetu cha uyoga, alipouliza nani yuko tayari, wasomi kumi wazima walitazama dari.

Jumatano, 5 Machi
Siku mbili, ukurasa mmoja mpya: "Obura, Daktari". Maisha, masomo, tuzo, falsafa. Falsafa! Vichwa vidogo tisa. Ukurasa wa hamira, kuvu inayoumua mikate ya nchi nzima, una sentensi mbili. Mwandishi anajiita Mpenzi wa Sayansi. Okinyi amechungulia — umetoka kwenye kompyuta ya Daktari mwenyewe. Nimeuacha. Mwenyekiti ni mwenyekiti.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari ameandika kuhusu uyoga wa kichuguu, ule mtamu ambao Kampala nzima inausubiri mvua ikianza. Marejeo kumi na saba, kumi na manne ni yake. Picha nzuri: vikofia vikubwa vyeupe juu ya majani mabichi. Nimepitisha kwa dakika moja. Angalau huyu anajua marejeo ni nini.

Jumapili, 9 Machi
Mtu anayejiita Alanyo Mbuya ameondoa picha ya Daktari. Ameacha maneno haya: "Hii si ya kichuguu haina mzizi mrefu hii inaota kwa nyasi inatapisha watu". Hata nukta hakuna! Nimetengua, picha ikarudi. Akaondoa tena. Nikamwandikia: tafadhali toa chanzo. Akajibu: "Chanzo ni mimi. Nimechuma uyoga miaka thelathini."

Nimecheka mpaka machozi. Nikampigia Okinyi nimsomee. Hakucheka. Akauliza kama nimewahi kuuona uyoga huo ukiwa ardhini. Swali gani hilo? Nina miaka sita katika maabara ya Bugolobi, natengeneza mbegu za uyoga wa kuoteshwa kwenye mifuko. Daktari wa moyo haulizwi kama amewahi kufanya kazi buchani.

Jumanne, 11 Machi
Mara ya tatu. Basi! Nimemfungia. Kwenye kisanduku cha sababu nimeandika: "Uharibifu". Nimeona raha, sitajidanganya.

Ijumaa, 14 Machi
Barua pepe kutoka kwa Alanyo. Ameweka na namba ya simu, kama mtu anayeuza kiwanja. "Madam, umenifungia, sawa. Lakini toa hiyo picha. Mvua inakuja, watu wataenda kuchuma." Anasema ni mke wa sajini, wanakaa nyumba za jeshi Mbuya, anauza mboga. Muuza mboga anamsahihisha Daktari! Nimempelekea Daktari aburudike. Amejibu neno moja: "Puuza." Hilo halikuwa na marejeo. Sikuyadai.

Jumapili, 23 Machi
Asubuhi nikitoka kanisani simu ikalia. Adero, mke wa Okinyi. Sikumwelewa mwanzoni, maneno yalikuwa yanakatika. Okinyi yuko hospitali. Na Ayoo pia, binti yao wa miaka minne.

Nimekwenda mbio. Okinyi ana dripu, midomo imepasuka kama ya mtu aliyevuka jangwa. Jana baada ya mvua aliuona uyoga kwenye nyasi karibu na kwao. Akachuma, akapika mwenyewe, mchana wakala. Adero hapendi uyoga. Kufika jioni wote wawili wanatapika, na tumbo halishikiki.

"Nililinganisha na ukurasa wetu, dada," aliniambia. "Kila kitu kilifanana."

Hakunilaumu. Angenilaumu ningekuwa na la kujibu.

Ayoo halii hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha. Amelala macho wazi, anatazama maji ya dripu yakidondoka. Muuguzi anasema tusubiri mpaka kesho. Nimeondoa picha palepale, nimesimama kati ya vitanda viwili.

Jumatatu, 24 Machi
Ayoo ameomba soda. Asante Mungu! Okinyi bado dhaifu, lakini anakaa.

Na picha imerudi. Daktari ameirudisha saa mbili asubuhi. Nikampigia.

"Madam Nangila, mtu mmoja akikosea jikoni hatubadilishi sayansi."

"Daktari, picha hii uliipigia wapi?"

Anasema alitumiwa na mwanafunzi. Yupi? Hakumbuki. Sauti ikalainika. Tubadilishe picha kimyakimya, tufute na historia ya ukurasa, tusiwape watu maneno. Ijumaa ni uzinduzi rasmi, wageni wamealikwa.

Historia ikifutwa, jina lake linapotea. Na langu, lililopitisha. Nilitaka kufuta. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilitaka sana. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Badala yake nimeondoa picha tena, nikaandika onyo kwa herufi nyekundu, nikamfungia Daktari akaunti. Mwenyekiti mzima! Kisha nikatafuta namba ya Mbuya, nikamweleza Alanyo habari ya Ayoo.

Jumatano, 26 Machi
Nipo Mbuya, kwenye benchi la Alanyo. Mama wa miaka hamsini na kitu, mbele yake rundo la mboga ya malakwang, anachambua jani moja moja. Hakusimama kunipokea.

"Wewe ndiyo ulinifungia."

"Ndiyo."

"Mtoto iko aje?"

Nikamwambia. Akavuta pumzi. Nilikuwa nimepanga hotuba tangu Bugolobi, yote imeyeyuka, yametoka maneno mawili: samahani, mama.

"Mimi nilikutukana? Nilikuja kwa ofisi yako kupiga kelele? Niliandika tu."

Akafuta mikono, akachukua simu yangu. Picha zetu ni mia mbili na kumi na mbili, nimemwomba azipitie zote. "Hii ya kweli. Hii ya kweli. Hii sijui. Hii sijui." Sijui! Neno ambalo wasomi kumi na wawili hatujaliandika hata mara moja.

Kufika ya ishirini na sita akasita. Akaikuza kwa vidole viwili. Ni uyoga ulioota nyuma ya maghorofa ya Bugolobi. Picha niliipiga mwenyewe, ukurasa nikauandika mwenyewe.

"Nani alisema hii watu wanakula?"

Simu ikaanza kuita: Dkt. Obura. Alanyo akaikata kwa kidole gumba bila kuniuliza, akairudisha picha.

"Nakuuliza, madam."

Jina langu liko chini ya picha, herufi ndogo, hajalifikia. Amekuja mteja. Anampimia malakwang, simu yangu ameiweka mapajani. Naandika haya haraka. Mteja anaaga. Alanyo amegeuka, ananitazama.